Zara wa Bunda

Mwambie mtu wa Mara kwamba kuna kitu kinafika mwisho Oktoba 14, hatauliza ni kitu gani. Atauliza misa ni saa ngapi. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe hiyo mwaka 1999, amelala Mwitongo, Butiama, na huku kwetu siku hiyo ina mwenyewe. Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba Windows 10, tuliyonayo tangu Julai 2015, itaacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, mjomba wangu wa Butiama alinipigia simu amekasirika kabisa.

"Mjomba, hao watu hawakuona siku nyingine?"

Nikamweleza kwamba si dharau. Wenye programu hiyo wana desturi ya kutoa viraka vya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, na Oktoba ile Jumanne ya pili iliangukia hapo.

"Jumanne ziko nne," akasema, akakata simu.

Mjomba hana kompyuta. Ana kikundi cha kuweka na kukopa, yeye ndiye katibu, na mihutasari yote, barua zote na orodha ya wadaiwa sugu vimo kwenye laptopu yangu kwenye kibanda cha steshenari, Nyasho, Musoma. Lolote linaloipata laptopu ile linampata na yeye, pamoja na walimu wa shule za jirani, kwaya mbili tatu na kamati za harusi zisizo na idadi.

Mtaani uvumi ulikuwa mtamu kuliko habari yenyewe. Eti kompyuta zote zitazima saa sita usiku. Wakala wa fedha wa kibanda cha pili alinishauri niprinti kila kitu mapema. Ukweli ulikuwa mdogo tu: kompyuta ingewaka kama kawaida, ila viraka vya bure vingekoma. Kwa anayeandikia barua zake nyumbani si neno. Kwa mashine inayochomekwa flashi za mji mzima tangu asubuhi hadi jioni, ni neno kubwa.

Dawa ilikuwa Windows 11, na Windows 11 haipokei kila mgeni. Inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yangu ni mtumba wa kizazi cha 4, yenye stika ya shule fulani ya Ujerumani kwenye mfuniko. Ilipimwa, ikarudishwa mlangoni.

Fundi wangu yuko Bunda. Musoma mafundi wapo, lakini huyu hunitengenezea kwa mkopo, na kipaji hicho hakifundishwi chuoni. Kwake kila kazi ni kupiga windo. Mpelekee kompyuta iliyomwagikiwa chai kwenye kibodi, atakwambia tuipige windo. Safari hii akasema, "Kaka, hii tuipige windo ya Linux." Alishaipakua kwa bando la usiku, karibu GB 3: Linux Mint 22.2, iliyotoka Septemba 2025, ya bure, inayoridhika hata na RAM ya GB 2. Nikapanda gari stendi ya Bweri, laptopu mapajani, beseni la dagaa la jirani juu ya miguu yangu, nikaenda.

Kazi ilianza vizuri. Mafaili yangu yakahamishiwa kwenye diski ya nje, Windows ikafutwa, mstari wa Linux ukaanza kujaa kidogokidogo. Ulipofika katikati, umeme ukakatika.

Betri yangu ina pumzi ya dakika chache, na mle ndani kwa wakati ule hamkuwa na Windows wala Linux. Fundi hakusema neno. Aliinyanyua mashine ikiwa imefunguliwa vilevile, flashi inaning'inia ubavuni, akatoka mbio, mimi nyuma na chaja, mpaka kwa kinyozi wa mtaa wa pili mwenye sola. Kinyozi alikuwa na soketi moja nzima. Kwenye soketi hiyo palikuwa na mashine yake ya kunyolea, na chini ya mashine palikuwa na kichwa cha mtu.

Sijui fundi alimwahidi nini. Nilichoona ni waya kuchomolewa. Mteja akabaki kitini na kitambaa shingoni, upande wa kushoto umenyolewa safi, wa kulia nywele zote, na laptopu yangu ikawekwa mbele yake kati ya poda na chupa ya spiriti. Alikuwa mshenga, njiani kwenda Kibara kupeleka barua ya posa ya watu. Tukakaa wote wanne tunatazama mstari. Mint inapojipanga huonyesha picha za kujitambulisha, na yule bwana alizisoma zote kwa sauti, moja baada ya nyingine, kwa subira ambayo natumaini wazee wa Kibara waliiona pia.

"Na mpira inacheza?" akauliza.

"Inacheza kila kitu," fundi akajibu. Si kweli, lakini haikuwa saa ya kumvunja moyo mtu aliyenyolewa nusu kichwa.

Ilipokamilika, fundi alichana kipande cha boksi, akaniandikia kwa kalamu nyekundu: "ZARA 22.2". Chini yake akaweka neno la siri, na chini kabisa, "usimsahau kila wiki", maana yake apdeti. Hapa inabidi nieleze. Waundaji wa Linux Mint, tangu toleo la kwanza la mwaka 2006 lililoitwa Ada, kila toleo hulipa jina la mwanamke, wakiifuata alfabeti: Felicia, Gloria, Helena, Isadora, Julia. Ukiyasoma kwa mfululizo unadhani ni mahudhurio ya kikao cha WAWATA. La Septemba 2025 lilikuwa Zara. Yote haya niliyaeleza usiku ule, kwa ufasaha kabisa, ila niliyaeleza baada ya mama watoto kukikuta kile kipande kwenye mfuko wa shati.

"Baba, Zara ni nani?"

"Ni kompyuta."

"Ana miaka ishirini na mbili?"

Nikasema ampigie fundi. Akampigia, akaweka spika. Mimi nikaegemea ukuta nimetulia, shahidi amepatikana. Fundi huyu hupokea simu za wateja akiwa na jibu mkononi, na hakungoja swali liishe.

"Shemeji, wewe usiwe na wasiwasi na Zara. Zara yuko safi, hana kirusi hata kimoja. Mwambie kaka amtumie tu bila woga."

Nililala sebuleni, na Zara.

Kazini hakuwa mgumu. LibreOffice ilifungua mafaili ya zamani karibu yote, na printa iliitika bila kubembelezwa. Kilichokosekana ni Algerian. Asiyewahi kuuza steshenari hawezi kuelewa msiba huo. Algerian ndiyo herufi ya cheti cha chekechea, ya kadi ya mchango wa harusi, ya tangazo la "Leo kwa fedha, kesho kwa mkopo". Huja na Microsoft Office. Kwenye Linux haimo. Mjomba akashuka kutoka Butiama kuchukua barua za kikundi, akakuta jina la kikundi limeandikwa kwa herufi za kawaida, nyembamba, zisizo na kivuli. Akaishika karatasi kwa mbali, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mjomba, hii ni barua au risiti?"

Akasema mdaiwa sugu akiletewa karatasi ile hatatoa hata mia. Nadhani alikuwa na hoja.

Heshima ilirudi kwa njia ya flashi. Kila mwenye steshenari anaujua ule ugonjwa: mwalimu anachomeka flashi yenye mitihani ya muhula, anakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, ya kwake halisi yamefichwa na virusi. Virusi hivyo vimeandikiwa Windows. Kwa Zara havina pa kushika. Na alama ya kuficha faili inayotiiwa na Windows, Linux haiitii. Unachomeka flashi, na kila kilichofichwa kinajipanga mezani. Walimu wakaanza kuja na flashi walizokwisha kuziomboleza. Nikawa naitwa daktari.

Shida ni kwamba Zara hajui tofauti kati ya kilichofichwa na virusi na kilichofichwa na mwenyewe.

Akaja bwana mmoja wa makamo, mtu wa heshima, na mkewe. Walitaka kadi za mchango wa sendofu ya binti yao. Mama ndiye aliyekuwa anachagua rangi, kwa hiyo nilikuwa nimewageuzia kioo. Nikachomeka flashi. Ikafunguka: Kadi. Picha za Pasaka. Kwaya. Na chini yake folda moja yenye rangi iliyofifia kidogo, au labda ni macho yangu: MKATABA KIWANJA BUNDA.

Mama akasoma taratibu, midomo ikicheza. Akamgeukia mumewe.

"Kiwanja cha nani?"

Yule bwana akanitazama mimi, akaitazama laptopu, na kwa hakika alikuwa amesikia sifa za kibanda changu, kwa sababu alijibu haraka.

"Hicho? Hicho ni kirusi."

"Aa," mama akasema. Akavuta kile kiti cha plastiki cha wateja, akakaa, akaweka pochi mapajani. "Basi mwanangu, hebu kifungue hicho kirusi."

Kirusi kilikuwa na kurasa tatu, sahihi za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Mama alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena penye bei.

"Nitolee kopi mbili," akaniambia. "Za rangi. Analipa yeye."