Ya Huyu Dada Inasema Nyeupe Tu

Jumanne iliyopita, mbele ya foleni nzima ya wagonjwa, niliambiwa kazi yangu ya eksirei siijui. Aliyeniambia hakuwa mganga mfawidhi wala mkaguzi kutoka mkoani. Alikuwa mwenye duara mmoja, mmiliki wa shimo la dhahabu huku Geita, koti la ngozi, simu mbili mkononi, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na walio chini ya ardhi.

"Ndugu zangu," aliitangazia foleni, "mashine ya sokoni inataja hadi asilimia. Ya huyu dada inasema nyeupe tu."

Foleni ikaguna. Mama mmoja aliyevunjika mkono akaniuliza kwa upole kama mchana ataingia mtu mwingine wa picha.

Bosi huyo alifika asubuhi na kijana wake wa kazi. Fomu ilikuwa halali, imesainiwa na daktari: maumivu ya tumbo, apigwe picha ya tumbo. Fomu haikusema maumivu ni ya nani. Tumbo lilikuwa la kijana. Maumivu yalikuwa ya bosi, ambaye kule mwaloni, wanakooshea dhahabu, alipungukiwa na kitonge cha dhahabu iliyokwisha kuchomwa, akaamini kimemezwa. Nilimwingiza kijana peke yake, nikamwambia ana haki ya kukataa.

"Piga tu, dokta," akasema. "Tangu juzi nasindikizwa chooni."

Kabla sijafunga mlango, bosi akachungulia. "Dada, hiyo mionzi haitaleta madhara?" Nikafurahi kwamba anamjali kijana wake. Nikamweleza kwamba picha moja ina mionzi kidogo, asiwe na wasiwasi, hatadhurika.

"Naulizia dhahabu," akasema.

Bosi hakuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Dhahabu ni kati ya vitu ambavyo eksirei huviona vizuri kupita kiasi. Ndani ya mashine yangu kuna bomba la kioo lisilo na hewa. Upande mmoja pana waya mwembamba unaopashwa moto mpaka elektroni zinauponyoka. Hapo umeme wa ukutani, volti 230, unapandishwa hadi volti 70,000 au 80,000, na elektroni zinarushwa zikajigonge kwenye sahani ya tangsteni inayozunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika. Inazunguka kwa sababu takriban asilimia 99 ya nguvu yote hiyo inaishia kuwa joto. Mionzi ni asilimia moja tu. Sahani ikisimama sehemu moja, hata tangsteni, ambayo haiyeyuki mpaka nyuzi 3,400 hivi, itaungua. Miaka yote hii mlio wake unapoanza, vuuuu, kabla sijasema "toa pumzi, usiheme", bado unanisisimua. Sijui idara nyingine inayopoteza asilimia 99 ya nguvu zake na bado ikatoa majibu siku hiyo hiyo.

Mionzi ikishatoka, hewa na nyama vinaipisha. Mfupa wenye kalsiamu unaizuia kiasi. Dhahabu haipishi kabisa: kiini cha kila atomi yake kina protoni 79, na sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 19.3, wakati risasi tunayojikingia sisi ina 11.3. Kitonge kikiwa tumboni kingetoka cheupe pe. Lakini picha ya eksirei ni kivuli, na kivuli hakina jina. Weupe wa dhahabu, wa goroli ya baiskeli na wa kipande cha risasi ni weupe ule ule.

Bosi ana wazee wa kumuunga mkono pia. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi hii tarehe 8 Novemba 1895, na mwaka haujaisha akapiga picha mkono wa mkewe. Ukiitazama picha ile leo, jicho linakwenda kwenye pete kabla ya vidole. Mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza ya fizikia. Kwa hiyo kwamba eksirei ni kifaa cha kutafutia vito kwenye miili ya watu, hilo halikuanzia Geita.

Na mashine ya sokoni ipo kweli. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na kwenye masoko haya usafi wa dhahabu hupimwa kwa mashine inayotumia eksirei. Ila ile haipigi kivuli. Mionzi yake inang'oa elektroni za ndani za atomi. Elektroni za nje zinashuka kuziba pengo, na katika kushuka huko atomi inatoa mionzi yake yenyewe, yenye kiwango cha nguvu ambacho ni cha elementi hiyo tu. Dhahabu inajitaja, fedha inajitaja, shaba iliyochanganywa kwa siri nayo inajitaja. Mashine inasoma, inatoa asilimia. Nimeiona. Iko kwenye chumba chenye kiyoyozi, imefunikwa kitambaa.

Nikiwa zamu Shinyanga naulizwa almasi. Tangu Dk. John Williamson, yule mwanajiolojia wa Kanada, aipate Mwadui mwaka 1940, kila mtu ana mjomba aliyewahi kuiona kwa macho. Almasi ni kaboni tupu, kivuli chake ni hafifu kuliko cha dhahabu, lakini ikipigwa eksirei inawaka yenyewe. Ndiyo maana migodini kuna mashine zinazoumulika mchanga, na kokoto ikiwaka tu, hewa inaisukuma kando. Afrika Kusini kampuni ya De Beers ilikwenda mbali zaidi: ilitengeneza mashine ya kumpiga mchimbaji picha ya mwili mzima kwa mionzi kidogo, kuangalia kama anatoka na almasi. Baadaye mashine hiyo ikaingia hospitalini kwa ajili ya majeruhi wa ajali. Ilianza kwa kumpekua mchimbaji, ikaishia kumtibu. Bosi huyu anataka kuirudisha ilikotoka.

Turudi kwenye tumbo. Picha ikatokea kwenye skrini: gesi, uti wa mgongo mzuri wa kijana, na chini ya kiuno upande wa kulia kitu cheupe, chembamba, cha mstatili. Dirisha la chumba changu halina kioo, nililikuta hivyo. Likaingia koti la ngozi mpaka mabegani.

"Ile pale!"

Ile pale ilikuwa hirizi. Kijana alikubali kuvua mkanda, suruali, saa na cheni, akagoma kuvua hirizi, na mtu mzima hanyang'anywi hirizi kiunoni. Nikamwambia bosi kwamba kitu kile kiko nje ya mwili. Akauliza ni kitu gani. Nikasema mambo ya mgonjwa ni siri. Akauliza, basi ni dhahabu au si dhahabu? Nikasema ninachokiona ni nyeupe tu. Ndipo nilipotangazwa.

Aliipiga skrini picha kwa simu zote mbili, akaipeleka sokoni wamsomee. Nasikia mnunuzi aliikuza, akaipunguza, akamrudishia simu: "Bosi, hii si dhahabu. Hii ni picha." Kijana amehamia duara la jirani.

Mikasa mingine ni midogo. Kituo kimoja njia ya Kahama umeme ulikatika nimemwambia mzee abane pumzi. Niliporudi na tochi alikuwa bado ameibana. Bukombe bibi mmoja alikuja na wanja na khanga mpya, akadai picha ya rangi. Kwingine ni popo, chumba cha giza, na sitaki kuulizwa.

Halafu kipima mionzi changu kina jina la mtu mwingine. Sisi wa kuziba mapengo, leo Shinyanga kesho Geita, hatukai kituoni muda wa kutosha kupata cha kwetu, kwa hiyo navaa cha mwenzangu aliyeacha kazi. Kikipelekwa kusomwa, mionzi yangu inaandikwa kwake. Nasikia anauza vifaa vya umeme Katoro. Mungu amjalie afya, kwenye makaratasi anachapa kazi sana.

Lakini kinachonichefua si hicho. Muda wote akinisema, bosi alikuwa anakohoa. Karasha zinasaga mawe makavu mchana kutwa, na vumbi lake lina silika. Likifika ndani kabisa ya mapafu halitoki. Mwili unalizungushia makovu, na kwenye picha yanaonekana madoa madogo meupe, mengi, hasa sehemu ya juu ya mapafu. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya, na unaifungulia mlango kifua kikuu. Mgodi mkubwa unampima kifua mfanyakazi wake anapoajiriwa na baadaye tena. Mchimbaji mdogo naletewa akiwa ameshaanza kutema damu, amebebwa kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, na ninachompa ni picha ya jambo lililokwisha kutokea.

Nilimwambia bosi nimpige picha ya kifua. Akauliza bei. Nikamtajia.

"Hiyo hela," akasema, "si dizeli ya karasha hiyo?"

Basi nikapeleka pendekezo kikaoni. Dhahabu haiuzwi sokoni bila kupimwa; aliyeichimba anaingia duarani bila kupimwa na anatoka vivyo hivyo. Anayeleta kitonge kwenye mashine ya asilimia aje na vyeti vya vifua vya watu wake. Kikao kilinipongeza, kikaniomba niliweke kwenye maandishi. Nikaliweka, na kwa kuwa karatasi ilibaki na nafasi, chini nikaulizia nauli yangu ya kuja huku. Yote mawili, nimejibiwa, yako kwenye mchakato.