Muulize Mjomba: Deni, Mbaazi na Kijiti cha Mshikaki

Wiki hii mapenzi yamepumzika. Barua zote zilizofika ni za madeni, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: nikipunguza chakula, deni litaisha? Sikushangaa. Mvua za masika zikianza, hoteli za Diani hupungukiwa na wageni, nyingine hufunga kabisa, na watu wa Ukunda huanza kuhesabu mahamri.

Kwa mgeni wa safu hii anayeuliza kwa nini anajibiwa na mjomba na si shangazi: hapa ni Udigoni. Wadigo wa zamani walirithi upande wa mama, kutoka kwa mjomba. Na katika karne ya 19, njaa ilipobana, Wamijikenda waliweka jamaa zao rehani kwa watu wa miji ya pwani ili wapate nafaka. Kwa Wadigo, mwenye uwezo wa kumweka mtoto rehani alikuwa mjomba wake. Basi mnapoandika, mkumbuke mnamwandikia nani.

*Mjomba, mimi ni weita katika hoteli moja ya Diani. Mwezi wa nne tuliambiwa tukae nyumbani mpaka wageni warudi. Siku hizi nafyeka nyasi kwenye majumba ya ufuoni, napata 500 kwa siku. Nina madeni ya simu kwenye programu tatu na Fuliza juu yake, jumla 18,000. Nimeamua kubana chakula: cha usiku sili. Tatizo ni kwamba ikifika saa nne najikuta kituoni na sahani ya chipsi mkononi. — Mwenye Njaa, Ukunda*

Mpwa wangu, chakula cha usiku hujakiacha. Umekihamisha tu kutoka jikoni kwako ukakipeleka kwa muuza chipsi.

Nimeipitia orodha uliyoniletea. Asubuhi chai 20, mahamri matatu 30, mbaazi 40. Mchana wali maharagwe 150. Usiku, ambao unaniapia huli, chipsi 150 na soda 60. Jumla 450 kwa siku, yaani 13,500 kwa mwezi. Ningeletewa orodha hiyo bila jina ningedhani ni ya mtu aliyekuja Diani likizo.

Lakini sikulaumu sana, maana najua ilikoanzia. Kazini ulikuwa ukila chakula cha wafanyakazi, ukasahau hata nyanya huuzwa kwa fungu. Mshahara ulipokatika, sahani ile nayo ilikatika siku hiyo hiyo. Watu hulilia mshahara, sahani hawaihesabu. Ndiyo maana mwezi wa kwanza wa kukaa nyumbani huuma kuliko walivyotazamia, na pengo lile hujazwa na mikopo ya simu.

Sasa twende jikoni. Kwa pesa unayolipa kibandani asubuhi mbili au tatu unapata kilo nzima ya mbaazi kavu. Ziloweke usiku kucha, la sivyo utazichemsha mpaka faida yote iishie kwenye makaa. Jioni ukishaipua sima, usimwagie jiko maji. Bandika mbaazi hapo hapo uani, juu ya makaa yaliyobaki, zilainike wakati unapiga soga na majirani. Nazi moja iwe ya sufuria mbili: tui la kasimele litie kwenye mbaazi mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika, tui la pili na la tatu likapikie mchicha au wali. Nawajua watu wanaokamua mara moja wakatupa machicha, kisha wanalalamika nazi imepanda bei. Kama huna mbuzi ya kukunia, azima kwa jirani. Hilo ndilo deni pekee ninalokuruhusu mwezi huu.

Ukishuka kutoka 450 hadi 200 kwa siku, unabaki na 250. Hapo ndipo wengi wenu mnapoharibu: mnaziweka kwenye simu "zikusanyike". Kwenye simu yenye Fuliza hakuna kitu kinachokusanyika. Fuliza, mkopo wa M-Pesa ulioanza Januari 2019, hutoza asilimia 1 unapochukua, kisha ada ya kila siku kulingana na deni lililobaki. Deni likipita 2,500, ada hiyo inapita shilingi 20 kwa siku. Hizo ni pesa za mchicha, zinakwenda kila siku, na wewe hujaonja hata jani. Tena pesa yoyote inayoingia M-Pesa huanza kulipa hapo. Dada yako akikutumia 500 za unga, unga uko wa pili kwenye foleni.

Basi anza na deni la Fuliza, ulilipe kila jioni kabla hujapita kituoni, maana deni likishuka daraja ada nayo inashuka. Likiisha, nenda kwenye programu moja, halafu nyingine. 250 zinahitaji siku 72 za kazi kufikisha 18,000, na ada zitakuongezea kidogo. Kabla kusi haijaisha utakuwa umemaliza. Na soda, mpwa, iache hotelini kwa Wazungu.

*Shikamoo mjomba. Mume wangu anadaiwa na sacco mkopo wa pikipiki. Ametoa amri nyumbani: samaki hakuna, maziwa ya mtoto hakuna, chai iwe ya rangi. Mwenyewe akirudi jioni hali, anasema mawazo yamemshibisha. Juzi nikifua nimekuta kijiti cha mshikaki kwenye mfuko wa shati. — Mama Chai ya Rangi, Msambweni*

Marahaba, mwanangu. Mawazo hayaachi kijiti.

Barua za namna hii napata nyingi, na zote zinatoka kwa wanawake. Bwana huketi na kalamu, akakata kila kinachopikwa nyumbani, kisha akaacha kila kinacholiwa njiani, kwa kuwa cha njiani hakina sufuria wala hakina jina. Mishikaki ni "vijana walinikaribisha". Chai ya maziwa kwenye kijiwe cha bodaboda ni "mambo ya kazi". Mwambie Mjomba amesema hivi: maziwa ya mtoto hayaguswi, hayajadiliwi, na yarudi kesho asubuhi. Kisha bwana aandike kwa wiki moja kila alichokula nje ya mlango, kuanzia kahawa ya sarafu moja. Akikataa kuandika, tayari umeshapata jibu la deni la pikipiki linakokwama.

Samaki usimfukuze, mfuate na msimu wake. Kaskazi ikivuma, kuanzia Novemba au Disemba mpaka Machi, bahari hutulia, ngalawa na mashua zinatoka nje, na samaki hushuka bei. Kusi ikiingia Aprili bahari inachafuka, wenye vyombo vidogo wanabaki ndani ya mwamba, na changu wa kiganja unatajiwa bei mpaka unasahau ulichokuja kununua. Miezi hiyo ni ya ng'onda, dagaa na papa mkavu. Kipande kidogo cha papa, kikilowekwa chumvi ikapungua, kikapikwa kwa tui jepesi na bamia, kinavuta sima ya watu watano kwa harufu peke yake. Pembeni weka mtsunga, ambao mvua huuotesha bila kumuuliza mtu pesa.

Unapotaka samaki mbichi, nenda mwenyewe ufuoni Mkunguni vyombo vinaporudi. Usimngoje apande bodaboda, kwa sababu kila mkono unaomshika unaongeza chake. Na ukikosa, mama karanga, wale wakaanga samaki, wapo jioni. Waulizie vichwa. Mumeo atakula kichwa vizuri tu, akiwa hajapitia kwenye mishikaki.

*Mjomba, nina duka. Wateja wangu wote wamesikia ushauri wako wa kubana matumizi, na wanabana kwa kuandikisha kwenye daftari langu. Nimebandika karatasi "Leo pesa, kesho mkopo". Sasa wanakuja asubuhi wananiambia ndiyo kesho yenyewe. — Mwenye Daftari, Tiwi*

Karatasi hiyo ibandue, imeshindwa kesi.

Ila nawe usijifanye yatima. Anayenunua mafuta ya kipimo cha 20 asubuhi na tena jioni analipa zaidi kwa lita kuliko mwenye kubeba chupa, na sukari ya robo kwenye karatasi ni hivyo hivyo. Hilo unalijua, naye analijua. Hafanyi ujinga: analipwa kwa siku, ananunua kwa siku. Chupa ya lita ingekula sehemu kubwa ya ujira wa siku.

Kwa hiyo wateja wako wasikilize hapa: wanawake watano wa mtaa mmoja wakichanga kila jioni, wiki mbili tatu zikipita wana gunia la mchele, wanagawana kwa pishi mlangoni kwa mmoja wao. Si lazima mvuke Likoni kufuata bei ya soko la Marikiti. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu, lakini matatu ya kwenda na kurudi inawangoja ng'ambo zote mbili. Nawe mwenye duka, waambie gunia hilo utawaagizia wewe kwa faida ndogo. Ukikataa, wataagiza kwa jirani yako. Daftari lisifungwe, maana litarudi kwa jina lingine. Anayelipa kitu kila jioni, hata 50, ukurasa wake uwe wazi. Asiyelipa umwandikie kwa kalamu nyekundu, kwa herufi kubwa, mbele ya wenzake wanaonunua mkate.

*Mjomba, nichukue Hustler Fund nilipe programu ya simu? — Mjasiri, Kombani*

Mfuko ule wa serikali, tangu uzinduliwe tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wake wa kibinafsi una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kweli. Ila unatakiwa kurudisha ndani ya siku 14. Kama una pesa ya uhakika inayoingia ndani ya hizo wiki mbili, badilisha deni ghali kwa deni rahisi. Kama pesa yenyewe ni ya "Mungu akijalia", utabaki na madeni mawili na usingizi nusu.

*Mjomba, nimegundua njia. Ijumaa baada ya swala nakula kwa dada yangu, Jumapili kwa shemeji, na nikisikia harusi natangulia. Nimelipa nusu ya deni langu. Kuna ubaya? — Mgeni wa Siku Zote, Kinango*

Dada yako ameniandikia kabla yako. Deni lake dukani limefika 3,200, na anauliza mtu hufunga mlango vipi bila ndugu yake kuona umefungwa. Ijumaa hii beba paketi mbili za unga, nazi tatu na mafuta, umkabidhi kabla hujavua viatu. Shemeji bado sijui anasemaje, lakini hapa mezani kuna bahasha nyingine ya Kinango sijaifungua.