Garimoshi na Wageni Wake

Msimu wa maembe Kaliua hauna huruma. Misafara iliyokuwa ikipita Tabora kwenda Ujiji ilikwisha zamani, lakini miembe yake ilibaki, ikazaa, na wajukuu wake wanaendelea kutuadhibu. Ikifika Desemba mtu anakuja kukusalimia na ndoo imejaa. Ukimwambia unayo tayari, anakuachia mlangoni na kuondoka mbio, kwa sababu na yeye kaachiwa hivyohivyo.

Kwa baba mkwe, ndoo hizo humwangukia kobe. Ni kobe mkubwa wa madoa, mwenye boma lake la matofali nyuma ya jiko na kibali halali, maana kobe wa porini haokotwi tu kama kuni. Kibali hicho kimewekwa bahasha moja na cheti cha ndoa, na mama mkwe hulalamika kwamba bahasha ikifunguliwa ni kibali kinachosomwa. Watoto wanamwita Garimoshi. Kaliua ndipo reli ya Mpanda inapochepuka kutoka ile ya Kigoma tangu mwaka 1950, na watoto wa hapa kila kizito kinachotembea kwao ni treni.

Kila mpita njia humrushia Garimoshi embe. Yeye huuma mara mbili, hulikanyaga, kisha hulilalia. Ndipo wakaja nzi.

Si wale wakubwa wenye makelele. Hawa ni wadogo, macho mekundu, wapole, wanaokufia kwenye chai bila kukusumbua. Jike mmoja hutaga mayai kwa mamia, na kwenye joto letu yai huwa nzi kamili kwa siku kama kumi. Thomas Hunt Morgan, mwanasayansi wa Marekani, aliwafuga kwenye chupa za maziwa akiwalisha ndizi, na utafiti wake ukampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1933. Baba mkwe amefuga wengi bila chupa hata moja, na hajapewa hata soda.

Washauri walijitokeza. Jirani mkulima wa tumbaku alileta vikonyo vikavu na hoja nzito: nikotini imeua wadudu tangu enzi za mababu. Hoja ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba nikotini haichagui, na kobe hana kiwambo cha kifua kama chetu, hivyo hata kukohoa vizuri hawezi. Moshi ulipoanza kupanda, Garimoshi alivuta kichwa ndani na kufunga ofisi. Nzi walihamia jikoni. Mama mkwe akatoka na ndoo ya maji, akauzima moto pamoja na jirani.

Dawa ya kupuliza ilikataliwa palepale, kwa kuwa kinachomwua nzi hutua kwenye chakula cha kobe. Tukaenda kwenye mtego: siki kikombeni, tone la sabuni ili nzi akitua azame, karatasi yenye vitundu juu. Huu unafanya kazi sana. Asubuhi kikombe kilikuwa cheusi.

Usiku uliofuata shemeji alishuka treni ya Mpanda, ana kiu, umeme umekatika. Alitoa karatasi, akanywa, akasema, "Dada, juisi ya ukwaju mmeanza kuitia povu?" Dada alikaa kimya. Hadi leo shemeji hajaambiwa, na naomba aliyesoma hapa asimfikishie.

Aliyetuokoa ni bwana mifugo aliyekuja kuchanja kuku. Aliegemea ukuta wa boma, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, huyu ni mla majani. Matunda mengi yanamharisha, na uharo ni karamu nyingine ya nzi. Nyinyi mmemfungulia genge!"

Maembe yakapigwa marufuku bomani. Makombo yakawa ya kuku, tope likazolewa na kuwekwa mchanga mkavu, beseni la maji likawa linamwagwa kila jioni. Garimoshi akaanza kula nyasi, na choo chake kikarudi kuwa kikavu. Kizazi kile cha nzi kilipokufa, hakikuacha mrithi. Waliosalia wako jikoni, na kwa hao mama mkwe hataki ushauri wa mtu.

Kwa hiyo ukipita kwetu msimu huu, mletee kobe nyasi. Ndoo yako ya maembe, tafadhali, rudi nayo.