Mkutubi Asiye na Macho

Watu wa Kasulu wana mazoea mabaya ya kumtukana mchwa. Nguzo ikianguka, mchwa. Cheti cha ndoa kikitoboka, mchwa. Mimi nasema ameonewa vya kutosha, na ushahidi ninao sebuleni, kwenye rafu ya vitabu vyangu vya wanyonya damu.

Rafu hiyo ilinitesa. Nivipange kwa mwaka? Basi atangulie Polidori wa 1819, afuate Bram Stoker na Dracula yake ya 1897, kisha Anne Rice wa 1976. Lakini Luise White nimweke wapi? Kitabu chake cha mwaka 2000 si hadithi ya kubuni. Ni historia ya minong'ono ya mumiani na wazimamoto waliosemwa kunyonya damu, ile iliyowafanya watu wa Nairobi na Kampala enzi za mkoloni waliogope gari la zimamoto kuliko moto wenyewe. Kumbananisha na Dracula ni kumvunjia heshima mtafiti. Kumtenga ni kuwavunjia heshima bibi zetu, walioyasadiki yote. Na huku Buha, ambako miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale, mnyonya damu tulimjua kwa jina la mbung'o kabla hatujasikia habari za yule wa Ulaya.

Mchwa hakujisumbua na maswali hayo. Alipenya chini, akapanda ukuta kwa kijia chake cha udongo mwekundu, akazipita mbao za mninga bila kuzionja (ana adabu zake za mezani), akaanza na vitabu vilivyoegemea ukuta. Kwa nje hakuharibu kitu. Dracula ilisimama wima, jina likisomeka vizuri. Nilipoichomoa ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga, na ndani, mahali pa kurasa, pamejaa udongo mkavu uliomwagika miguuni pangu.

Nani alikistahili kitabu kile kuliko yeye? Dracula anaingia Uingereza na masanduku 50 ya udongo wa kwao, maana bila huo halali. Mchwa naye huja na udongo wake, tena bila kukodi meli. Wote wawili hawapatani na jua. Ila Dracula, pamoja na kasri lake, alimalizwa kwa visu viwili. Mchwa mfanyakazi, asiye na hata macho, ameshinda majivu, oili chafu na ushauri wa bwana kilimo.

Wala si mchoyo. Mchwa wa vichuguu hutumia alichokitafuna kulimia ukungu chini ya ardhi, na mvua zikinyesha uyoga huchomoza kichuguuni. Jirani aliniletea bakuli.

"Baba, karibu mboga. Nimeuchuma pale nyuma kwako."

Nikautowelea ugali wa muhogo. Sijui nilikula sura ya ngapi, lakini ilikuwa tamu kuliko Twilight nzima.

Vitabu vilivyosalia nimevifunga kwenye sanduku la bati, vinakwenda Kibondo kwa shemeji. Ameniambia nisiwe na wasiwasi, sakafu yake ni ya saruji.

Yangu pia ni ya saruji.