Bureau: Mhadhara wa Kina kwa Wasiojua

Bureau ni nomino ya Kifaransa, na maana yake ya kwanza ni kitambaa. Si ofisi, si meza, wala si kile kidirisha cha kubadilishia fedha cha Kampala Road ambacho umma usiosoma hudhani ndicho chimbuko la neno. Jambo hili hujulikana na wanazuoni wachache mno. Kwa Kampala, hajapatikana wa pili.

Kitambaa chenyewe kiliitwa bure au burel: sufu nzito, ya kukwaruza ngozi, aghalabu ya kahawia, vazi la watawa na mafukara. Mzizi wake hurudishwa kwenye Kilatini burra, yaani manyoya ya ovyo. Kufanana na "bure" ya Kiswahili ni sadfa tupu, na ni marufuku kuitungia nasaba. Hata hivyo, aliyeuza dola asubuhi akazinunua tena jioni kwenye dirisha lilelile atasamehewa akishuku udugu.

Makarani wa Ufaransa walitandika sufu hiyo juu ya meza za kuandikia. Jina likahamia kwenye meza, likatoka mezani likaenea chumba kizima, kisha likawavaa waliokaa chumbani. Sufu ikaondoka, jina halikuondoka. Katika karne ya 18 mwanauchumi Vincent de Gournay akalibandika mkia wa Kigiriki wenye maana ya utawala, na urasimu ukapata jina lake la Ulaya. Foleni, bila shaka, ilikuwapo kabla ya kubatizwa.

Afrika Mashariki neno liliingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni ule wa Wabelgiji: Kiswahili cha Kongo kikapata biro, Kinyarwanda kikapata ibiro. Mkongomani mgeni akiuliza biro pale Nasser Road, Kampala, anataka ofisi. Mwenye duka atamtolea kalamu, kwa kuwa biro ya pili inatokana na László Bíró, Mhungaria aliyebuni kalamu ya kigololi. Wote wawili wako sahihi, na mgeni bado yuko njiani.

Mlango wa pili ni Kiingereza, nao kwa Kampala una doa. Wakati wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, neno lilikaa katika jina la State Research Bureau, idara ya usalama yenye makao kilimani Nakasero. Wengi walioingizwa humo hawakutoka hai. Hapo hata mhadhiri wa hadhi hii hunyamaza kidogo.

Maana inayotawala leo ni changa. Katika miaka ya 1980 dola ziliuzwa kwa kificho, katika soko ambalo Waganda waliliita kibanda, kwa bei iliyoidhihaki ile ya serikali. Mwaka 1990 serikali iliacha kulifukuza ikalihalalisha: kibanda kikapewa leseni, kioo na ubao wa bei, kikaanza kuitwa forex bureau. Neno la watawa likawa la wabadilisha fedha, na Benki Kuu ya Uganda ndiyo mtoa leseni.

Ibada ya nyuma ya kioo inastahili maelezo. Mhudumu hupokea noti ya dola 100, huiinua kwenye mwanga, hupitisha ukucha kwenye kola ya Benjamin Franklin aliyechorwa humo kuusikia mkwaruzo wa wino, kisha hutazama mwaka. Noti za 100 na 50 hupata bei nzuri kuliko za 20, na za 1 hupokelewa kama ombaomba. Iliyokunjwa sana hupunguziwa bei. Ya kabla ya 2006 mara nyingi hurudishwa chini ya kioo bila maelezo, ijapokuwa kwa sheria ya Marekani noti zote za dola zilizotolewa tangu 1861 bado ni fedha halali. Sheria ya Marekani haina tawi Kampala Road. Mwenye noti kuukuu na aulize kwanza, ndipo apange foleni.