Harusi ya gigabaiti 83

Kijana wetu wa montaji hapa Sake alisikia kwamba wakubwa wa Goma wanafanya kazi kwa ProRes, akaapa hatagusa tena H.264. Ati ni kodeki (njia ya kubana video) ya wazee, ya mwaka 2003. (ProRes yenyewe ni ya 2007, kichanga hicho!)

Basi harusi ikarekodiwa kwa simu, kwa H.264 ileile, kisha akaigeuza ProRes 422 HQ: saa moja ya HD, fremu 25 kwa sekunde, gigabaiti 83 hivi. Tumpe haki yake. H.264 huhifadhi picha moja nzima, halafu zinazofuata huandika kilichobadilika tu, ndiyo maana kompyuta yake kuukuu hutoka jasho kila anapokata. ProRes huweka kila picha nzima, kata utakapo. Mezani pa fundi, sawa. Ila sura ya bibi harusi iliyofifia kwenye simu haitang'aa humo. Viazi vya Masisi havinenepi kwa kupakiwa chukudu kubwa zaidi.

Kilichonenepa ni deni la petroli, jenereta ikinguruma hadi jogoo wa pili.

Asubuhi mama wa bwana harusi akaja na fulashi ya gigabaiti 8.

"Mwanangu, niwekee humu, televisheni yangu isome."

Kijana akakuna kichwa, akawasha tena jenereta, akairudisha harusi yote kwenye kodeki ya wazee. Bwana harusi mwenyewe alitaka dakika moja tu, ya WhatsApp.