Mwendokasi na Mwendo wa Kasi

Shemeji yangu anataka kuagiza Mazda RX-8 ya mwaka 2004 kutoka Japani, ya kwendea kazini, Kimara hadi Posta, Dar es Salaam. Hongera zake. Injini ya rotari, lita 1.3 tu, ila petroli inainywa kama basi la mkoani, na oili inaiunguza kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa. Ushuru wa uchakavu atalipa, si gari limeshafikisha umri wa kupiga kura? Tuta la kwanza mtaani kwao litalikwangua tumbo. Kisha Ubungo, saa moja asubuhi: atakanyaga mafuta, ngurumo itamshtua muuza karanga, gari litasogea hatua mbili. Pembeni, kwenye njia yake maalumu, basi la Mwendokasi litapita limefurika, abiria mmoja akimpungia mkono dirishani.